Mtwara hadi Songea kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali na muda wa safari

Nakata tiketi hapa Mtwara. Haipiti wiki bila mtu kusimama dirishani pangu na simu mkononi: "Kaka, hapa wameandika saa moja tu mpaka Songea. Nikatie hiyo." Simu yake haidanganyi. Ukichora mstari kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, ni mwendo wa saa moja kweli. Ila mstari kwenye ramani hauna siti, na ukitaka siti mara nyingi utapitishwa Dar es Salaam. Majibu ninayoyarudia kila siku nimeyaandika hapa ili mtu ayasome kabla hajatoa pesa.

Kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi wa Songea ni kilomita ngapi?

Kama kilomita 505 kwa mstari ulionyooka. Kwa maili za kawaida ni 314, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazihesabu, ni 273. Ukikuta mahali wameandika 500 au 510 usigombane na mtu. Wengine hupima kutoka katikati ya mji badala ya kiwanjani.

Hesabu hiyo inapatikanaje?

Unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Uwanja wa Mtwara uko digrii 10.34 kusini na 40.18 mashariki. Wa Songea uko 10.68 kusini na 35.58 mashariki. Ukitoa, unapata tofauti ya digrii 4.6 kuelekea magharibi. Huku kwetu kusini mwa nchi digrii moja ya kwenda magharibi ni kama kilomita 109.5, kwa hiyo hapo una kilomita 503 na ushei. Tofauti ya kusini ni digrii 0.34, na digrii moja ya kusini-kaskazini ni karibu kilomita 111, yaani 38. Chukua 503 na 38, ingiza kwenye kanuni ya Pythagoras uliyoichukia sekondari, utapata 505. Kwa umbali mdogo kama huu mviringo wa dunia haubadilishi kitu cha maana.

Kuna jambo moja huwashangaza watu kwenye hesabu hii. Sisi wa Mtwara tumezoea kuambiwa ndio mwisho wa kusini, lakini Songea iko kusini zaidi yetu kwa hizo kilomita 38. Ndege ikiruka hapa inaelekea machweo na kuinamia kusini kidogo.

Mbona ramani ya simu inanionyesha kilomita 650?

Hiyo ni barabara. Barabara haikati moja kwa moja. Kutoka Mtwara inapanda kwanza kuelekea Lindi hadi Mnazi Mmoja, inageuka kushoto kwenda Ndanda na Masasi, ndipo inaanza safari yenyewe ya magharibi. Kabla ya kugeuka, mtu wa Songea ameshakaa garini zaidi ya saa nzima na hajaikaribia Songea kwa lolote la kujisifia.

Ndege inatumia muda gani?

Inategemea ndege gani. Jeti kubwa hutazioni kwenye safari za namna hii. Kazi hii ni ya pangaboi, ndege za mapanga yanayozunguka.

Bombardier Q400, zile za abiria 76 za Air Tanzania, hukimbia kama kilomita 660 kwa saa zikishapanda. Kwa kilomita 505, pamoja na kupanda na kushuka, weka dakika 55 hadi saa moja hewani. ATR 72, aina ya Precision Air, ni ya mwendo wa kilomita 500 kwa saa au zaidi kidogo. Hiyo ingekula saa moja na dakika 10 hivi. Cessna Caravan, ile ya injini moja inayobeba watu wachache, huenda kama kilomita 300 na kidogo kwa saa, kwa hiyo jiandae kwa saa moja na dakika 40.

Huo ni muda wa hewani tu. Bado hujahesabu ndege kujiburuza kutoka jengoni hadi mwisho wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, na kuzunguka ili itue ikiangalia upepo. Ongeza dakika 10 hadi 15. Ndiyo maana muda ulioandikwa kwenye tiketi siku zote ni mrefu kuliko ule anaoutaja rubani kwenye kipaza sauti.

Mtandao mmoja umeniambia saa 1 na dakika 8. Wameitoa wapi dakika 8?

Nilijiuliza hivyo hivyo mpaka nikaishtukia. Mitandao mingi ya kupima umbali wa viwanja haijui ndege gani inaruka wapi. Inachukua mwendo mmoja kwa dunia nzima, kwa kawaida kilomita 800 kwa saa ambazo ni za jeti, inagawanya, kisha inaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Gawanya 505 kwa 800: dakika 38. Ongeza 30: saa 1 na dakika 8. Kwa hiyo wamekupa jeti isiyokuja huku na nusu saa ya kukadiria, makosa mawili yamefutana, na jibu limetua karibu na ukweli kwa bahati. Jaribu njia ndefu kama Mtwara hadi Bukoba uone kama bahati itarudi.

Kuna ndege ya moja kwa moja?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine ni mapambo.

Usipange msiba, harusi wala usaili wa kazi kwa kudhani ipo. Ratiba za mikoani hubadilika: ndege ikipelekwa matengenezo, au ikihitajika kwenye njia yenye abiria wengi zaidi, viwanja kama vyetu ndivyo vya kwanza kupunguziwa safari. Hutokea pia ndege moja ikapita vituo viwili kabla ya kurudi Dar, na hapo mtu wa Mtwara anaweza kufika Songea bila kushuka. Uliza wiki hiyo hiyo unayosafiri. Ratiba aliyoisoma shemeji yako mwaka juzi haikusaidii.

Sababu si siri. Ili pangaboi ya watu 76 ilipe gharama zake inahitaji siti nyingi zikaliwe, kwenda na kurudi, mara kadhaa kwa wiki. Wanaotoka Mtwara kwenda Songea wapo. Kuna wafanyakazi wa serikali wanaohamishwa, wafanyabiashara wa korosho na mahindi, wanafunzi, na masista na mabruda, maana Ndanda na Peramiho zote ni za Wabenediktini na hospitali zao zimekuwa na uhusiano tangu zamani. Ila ukiwakusanya wote wa siku moja, wanaenea kwenye basi. Wanaokwenda Dar, kutoka huku na kutoka kule, wanajaza ndege. Shirika linafuata wanakojaa watu.

Nikipitia Dar es Salaam naongeza umbali gani?

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 400 kwa mstari wa angani. Dar hadi Songea ni kama 580. Jumla 980, dhidi ya 505 za moja kwa moja. Unaruka karibu mara mbili ya safari yako, na saa nzima ya mwanzo unakwenda kaskazini wakati unakotaka kufika kuko magharibi.

Hewani si tatizo. Mtwara–Dar ni kama saa moja, Dar–Songea ni saa moja na robo au zaidi kidogo. Kinachoumiza ni kilichopo katikati. Hesabu nami siku nzuri kabisa: nusu saa ya bajaji na kupanga foleni, saa moja na nusu ya kusubiri kiwanjani, saa moja hewani, saa tatu Dar ukila chapati ya bei ya kiwanjani, saa moja na robo tena hewani, kisha mizigo na gari ya kwenda mjini. Ni saa saba na nusu, nane. Hiyo ni pale ndege mbili zinapopokezana siku hiyo hiyo. Zisipopokezana, unalala Dar, na safari ya "saa moja" imekuwa ya siku mbili, pamoja na nyumba ya wageni na teksi mbili ambazo hukuziweka kwenye bajeti.

Nikikata tiketi mbili za mashirika tofauti ili niokoe pesa?

Unaweza, ila ujue unachokinunua. Tiketi moja yenye vipande viwili inamaanisha kipande cha kwanza kikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia kingine. Tiketi mbili tofauti ni mikataba miwili ambayo haifahamiani. Mwaka mmoja nilijikatia mwenyewe hivyo, mimi ninayewaonya watu. Nikaacha nafasi ya saa moja na dakika 50 Dar. Ndege ya asubuhi ikachelewa saa mbili na kitu, na nilipofika kaunta ya pili dada pale alinitazama kwa huruma, akageuza skrini nione: mlango umefungwa, na tiketi yangu ni ya aina isiyorudishwa pesa. Sikuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo, mteja akiniomba tiketi mbili namwekea angalau saa nne katikati, na kama kuna jeneza au mgonjwa anasubiriwa, namwambia alale.

Basi linatumia saa ngapi?

Panga kwa siku nzima. Basi la alfajiri, la saa 12, likienda vizuri litakushusha Songea jioni, kati ya saa 11 na saa 1 usiku.

Kwa vipande: Mtwara hadi Masasi karibu kilomita 200. Masasi hadi Mangaka 54, Mangaka hadi Tunduru 137. Tunduru hadi Namtumbo 193, na Namtumbo hadi Songea kama 70. Mabasi yanaruhusiwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, 50 kwenye makazi, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanayafuatilia kwa kifaa kilichofungwa ndani ya gari; dereva akizidisha kinalia abiria wote wakasikia. Gawanya 650 kwa 80 utapata saa nane na dakika chache. Hizo ni saa za basi lisilosimama, na basi lisilosimama halijazaliwa. Kuna mizani, kuna trafiki na tochi yake, kuna Masasi ambako nusu ya gari inashuka na nusu nyingine inapanda na viroba, kuna chakula, na kuna kuchimba dawa, ambako konda anasema dakika tano na mama mmoja lazima asubiriwe kumi.

Wanaoilalamikia barabara hii leo hawakuipita zamani. Lami ya Tunduru, upande wa Mangaka na upande wa Namtumbo, ilikamilika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo, masika yakiingia, Tunduru ilikuwa kisiwa; watu walilala porini kwenye foleni ya malori yaliyozama, wakapika uji pamoja, na wengine wakatoka na marafiki wa kudumu. Sasa unapita ukiwa umesinzia.

Sasa kipi kinafika kwanza, ndege au basi?

Ndege ya moja kwa moja ikiwepo siku yako: ndege, bila ubishi. Ndege ya kupitia Dar yenye kuunganisha siku hiyo hiyo: ndege, kwa saa tatu au nne, na utafika hujavimba miguu. Ndege ya kulala Dar: basi limekushinda, tena kwa mbali na kwa pesa kidogo. Namwambia hivyo hata mteja aliyeshatoa pochi, na bosi wangu hapendi.

Nina wateja wanaopitia Dar kwa makusudi kwa sababu wana shughuli Kariakoo. Hao ni hesabu nyingine.

Kwenye basi nikae upande gani, na kwenye ndege je?

Basi la kwenda Songea: kulia asubuhi hadi mgeuke Mnazi Mmoja, jua litakupiga. Baada ya hapo mnaelekea magharibi, mchana jua liko juu, na jioni linamchoma dereva usoni. Kaa popote.

Ndege ni suala lingine. Ikitokea umepata inayokwenda moja kwa moja, omba dirisha la kushoto. Utaiona Ruvuma.

Kwani njiani chini kunaonekana nini?

Nimeipita njia hii ya angani mara chache, na safari moja kwenye ndege ndogo iliyoruka chini kiasi cha kuhesabu mapaa ya bati. Ukiacha bahari nyuma unaingia juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, ambako mikorosho imepandwa kwa mistari mpaka ardhi inafanana na kitambaa cha vitone. Ghafla uwanda unakatika. Mbele kuna majabali ya Masasi, mawe makubwa ya kijivu yaliyosimama peke yake kwenye tambarare, na kutoka juu yanaonekana kama mtu aliyapanga akaondoka.

Kushoto, muda wote, kuna mto. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, pale pale jirani na mji wa Songea, na huingia Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Kwa hiyo ndege na mto vinafanya safari moja kwa kupishana: mto unakwenda unakotoka wewe. Kwa sehemu kubwa ya njia ndio mpaka wetu na Msumbiji. Kiangazi ni mchanga mweupe mpana wenye nyuzi za maji katikati. Masika ni tope la rangi ya chai ya maziwa. Hali ya hewa ikiwa safi na ndege ikiwa imevutwa kusini kuelekea mto, kusini ya Mangaka unaweza kuliona Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Kutoka angani ni kama kijiti kilichoangushwa juu ya mchanga.

Kuanzia Tunduru mpaka Namtumbo ni miombo tu, misitu juu ya misitu. Huko ndiko ushoroba wa Selous–Niassa, ambako tembo huvuka kati ya nchi mbili bila paspoti. Ukiona moshi, ni Septemba au Oktoba. Kisha ardhi inapanda, mashamba ya mahindi yanaanza, na mhudumu anapita kukagua mikanda.

Kwenda na kurudi ni muda uleule?

Sio kabisa. Upepo wa huku juu mara nyingi hutoka mashariki, na kusi la katikati ya mwaka nalo husukuma kutoka upande wa bahari. Ukienda Songea unasukumwa mgongoni. Ukirudi unaupokea usoni. Chukua ndege ya kilomita 500 kwa saa na upepo wa kilomita 40: kwenda inakuwa 540, yaani dakika 56, kurudi inakuwa 460, dakika 66. Tofauti ya dakika 10 kwa njia fupi hivi. Kwenye Caravan inazidi, kwa sababu ndege ya taratibu inakaa muda mrefu zaidi kwenye upepo.

Songea iko juu. Hiyo inaathiri safari?

Uwanja wa Mtwara uko mita 113 hivi juu ya usawa wa bahari, wa Songea uko kama mita 1,050. Hewa ya Songea ni nyepesi zaidi, na ndege kwenye hewa nyepesi inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi chini kabla haijanyanyuka, hasa mchana wa joto. Isitoshe njia ya kurukia ya Songea ni fupi kuliko ya Mtwara, ambayo ilirefushwa hadi mita 2,800. Rubani akikosa urefu wa njia, anapunguza uzito. Ndipo unaposikia mizigo ya watu fulani itakuja na ndege ya kesho. Si uonevu, ingawa ukiwa ndiye uliyebaki bila begi unaona kama ni uonevu.

Halafu baridi. Watu wa pwani wanashuka Songea mwezi Juni na kanzu nyepesi, wanaanza kutetemeka kabla hawajafika kwenye mizigo. Beba sweta.

Hali ya hewa huchelewesha ndege lini?

Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Radi hukusanyika mchana na jioni, kwa hiyo ndege ya asubuhi ina amani zaidi. Katikati ya mwaka shida huhamia asubuhi upande wa Songea: mawingu hulala chini milimani na ndege husubiri yanyanyuke. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wa siku moja kabla unatosha. Ule wa wiki mbili mbele usiuamini kupita kiasi.

Tiketi imeandika 07:00. Ni saa ngapi?

Saa moja asubuhi. Najua swali linaonekana la kitoto, lakini limeshaniletea vilio. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, kuanzia sifuri hadi 24, na sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. 13:40 ni saa saba na dakika 40 mchana. 06:15 ni saa 12 na robo alfajiri. Bibi mmoja alinifikia saa saba mchana, amevaa vizuri, na begi limefungwa kamba, akiwahi ndege ya "saba". Ilikuwa imeondoka saa sita nzima kabla ya hapo. Siku hizi nikimaliza kukata tiketi naandika kwa kalamu juu ya karatasi: SAA MOJA ASUBUHI, UWE KIWANJANI SAA KUMI NA MOJA NA NUSU. Na mtu akiniambia safari ni "ya saa moja", namuuliza kwanza: muda wa saa moja, au inaondoka saa moja?

Kuna tofauti ya saa kati ya Mtwara na Songea?

Ya kwenye ukuta haipo, nchi nzima inatumia saa ileile. Ya jua ipo. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, na sisi tumetengana kwa digrii 4.6, kwa hiyo jua huzama Songea dakika 18 hivi baada ya kuzama hapa. Mwezi wa Ramadhani hilo si jambo dogo. Ukiwa Songea usifungue kwa adhana ya Mtwara unayoisikia kwenye simu ya ndugu yako.

Kwa nini msimbo wa Mtwara ni MYW na sio MTW?

MTW imeshachukuliwa na uwanja wa Manitowoc, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ukikosea herufi moja wakati wa kutafuta, usishangae skrini ikikupeleka Marekani. Songea ni SGX. Hizo ndizo za abiria; za marubani na waongoza ndege ni HTMT na HTSO, na HT mwanzoni inamaanisha Tanzania.

Kukodi ndege ndogo inawezekana?

Inawezekana, na kwa kundi la watu wanane au kumi wenye kazi ya siku moja si wazimu. Jambo ambalo watu husahau: unalipia ndege, hulipii siti, na kwa kuwa ndege nyingi za kukodi zinakaa Dar au Arusha, utalipia pia safari yake ya kuja kukuchukua na ya kurudi kwake ikiwa tupu. Uliza bei ikiwa na hayo yote ndani kabla hujafurahi. Zaidi ya hapo, mizigo ni midogo, na mnapimwa uzito wenyewe kama viroba. Msione haya.

Korosho naruhusiwa kubeba kiasi gani?

Zinahesabiwa kama mzigo mwingine wowote. Daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23, soma tiketi yako. Zilizobanguliwa na kufungwa vizuri hazina tabu. Ukipitia Dar kwa tiketi mbili tofauti utazichukua na kuzipima upya, na kilo mbili ambazo huku walikufumbia macho kule watakulipisha. Ndoo ya plastiki ukiifunga kamba inaonekana ya kishamba, lakini inafikisha korosho bila kuvunjika kuliko sanduku la magurudumu.

Nikifika Songea naendelea Mbinga au Mbamba Bay. Ni mbali?

Uwanja uko upande wa Ruhuwiko, na huko ndiko barabara ya Mbinga inakopita, kwa hiyo huna haja ya kurudi mjini ukishakuwa na usafiri wako. Mbinga ni kama kilomita 100, na kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni 66, zote lami, za mwisho zikiwa na kona za kutosha kumrudishia mtu kifungua kinywa chake. Ukitua baada ya saa tisa, lala Songea. Basi la asubuhi linaanza mapema, na Ziwa Nyasa ni la kuteremkia mchana, ukiwa macho.